Mwajiri anataka simu yako, alama za vidole na majibu ya vipimo: hatua za kufuata

Maswali ni yale yale. Mhudumu wa nyumba ya wageni Area C, hapa Dodoma, anauliza kama meneja ana haki ya kupekua simu yake. Karani wa duka la jumla Majengo ameambiwa alete majibu ya kipimo cha VVU kabla ya kusaini mkataba. Dereva wa lori la alizeti anayepiga ruti ya Singida amegundua kuwa bosi anajua alikolala siku yake ya mapumziko. Mtumishi aliyehamia Mtumba amekuta hati yake ya mshahara kwenye kundi la WhatsApp la idara. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, kwa simu na pembeni ya mikutano ya chama cha wafanyakazi, nikirudia maneno yale yale. Sasa nayaweka kwa mpangilio, uyafuate hata kama huna mtu wa kumpigia.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kila taarifa ambayo mwajiri anaichukua kwako lazima iwe na kazi inayoeleweka, na wewe uambiwe kazi hiyo. Kwa hiyo swali lako ni fupi: ya nini? Akiwa na jibu la halali, mpe hata kama hupendi. Akikosa jibu, au akiichukua kwa kazi moja na kuitumia kwa nyingine, hapo una pa kusimamia.

Sheria za kuzijua kwa majina ni chache. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda maisha binafsi na mawasiliano binafsi ya kila mtu, ingawa ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria kuweka mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Halafu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Nyingine nitazitaja zikifika mahali pake.

Kabla ya kuanza, andaa hivi

Nakala ya mkataba wako au barua ya ajira. Kama umeachiwa nakala isiyosomeka, omba nyingine leo, wakati bado mnaelewana.

Sera na kanuni za kazi: kanuni za nidhamu, sera ya matumizi ya kompyuta na simu, sera ya kamera. Sehemu nyingi ndogo hazina. Kutokuwepo kwake nako ni taarifa muhimu, kiandike.

Daftari la kawaida la kuandikia tarehe, saa, nani alisema nini na nani alikuwepo. Andika siku hiyo hiyo.

Barua pepe yako binafsi, isiyofunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi. Mambo ya malalamiko yapite huko.

Mtu mmoja wa kukusindikiza: mwakilishi wa chama chenu (TUICO, TALGWU, TUGHE, CHODAWU au chochote mlicho nacho) au mfanyakazi mwenzako unayemwamini.

Hatua ya 1: Jua umeombwa taarifa ya aina gani

Si taarifa zote zina uzito mmoja. Jina, namba ya NIDA, akaunti ya benki, namba ya NSSF au PSSSF, namba ya mlipakodi: mwajiri hawezi kukulipa wala kukukata kodi bila hizo. Mpe, usibishane.

Ukishapewa kazi ukiwa na mkopo wa elimu ya juu, mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 na kukata asilimia 15 ya mshahara. Hilo nalo halihitaji ridhaa yako. Wengi huja na malalamiko kwamba ofisi "imewachoma" Bodi, na sina la kuwasaidia hapo.

Lakini kuna kundi ambalo sheria ya 2022 inaliita taarifa binafsi nyeti. Humo zimo habari za afya, alama za vidole na sura vinavyosomwa na mashine, miamala ya fedha, makosa ya jinai, dini, msimamo wa kisiasa, uanachama wa chama cha wafanyakazi na maisha ya kimapenzi. Kanuni ya kawaida ni kwamba hizi hazichakatwi bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa pale sheria nyingine inapodai au sababu chache zilizotajwa zinapokuwepo.

Angalia uanachama wa chama. Mwajiri anaujua kwa sababu ulijaza fomu ya TUF 6 ili akate ada. Anaujua kwa kazi hiyo ya kukata ada tu. Akichukua orodha hiyo na kuitumia kuamua nani apunguzwe kazi, ameitoa kwenye kazi yake, na pia ameingia kwenye ubaguzi uliokatazwa na sheria ya ajira.

Hatua ya 2: Tenganisha cha ofisi na chako

Fanya hili kabla ya mgogoro wowote. Kompyuta ya ofisi, laini ya ofisi, barua pepe ya ofisi, gari la ofisi: chukulia kwamba mwajiri anaweza kuviangalia. Ana sababu za halali za kufanya hivyo, kama wizi, siri za wateja au ukaguzi wa hesabu. Ulinzi wako ni kwamba awe amekueleza kuwa anaangalia, na aangalie kiasi kinachohitajika.

Basi toa WhatsApp yako kwenye kompyuta ya kazini. Toa picha za watoto, vyeti vya hospitali na maombi yako ya kazi nyingine. Ukitumia intaneti ya ofisi kwenye simu yako, jua kwamba mtu wa TEHAMA anaweza kuona baadhi ya unakopita.

Ulaya kesi ya namna hii ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu, *Bărbulescu dhidi ya Romania*. Hukumu ya 2017 ilisema mwajiri anaweza kufuatilia mawasiliano, ila mfanyakazi awe amejulishwa mapema kwamba anafuatiliwa na kwa kiwango gani. Haitufungi sisi. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha mpaka unapopita: taarifa ya mapema, sababu ya kweli, na kiasi.

Kosa la kuepuka: kurudisha simu au kompyuta ya ofisi ukiwa umeifuta yote kwa hasira. Ondoa vyako binafsi, acha kazi za ofisi kama zilivyo. Ukifuta mafaili ya kazi umempa mwajiri kosa la nidhamu ambalo halikuwepo.

Hatua ya 3: Pima ombi lenyewe

Vipimo vya afya. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa hiyo nakaa.

Kupimwa afya kazini si haramu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inataka wafanyakazi wapimwe kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda ili ijulikane kama wanaifaa kazi na kama kazi inawadhuru. Ukiwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, kwenye machimbo ya kokoto au kwenye mashine zenye kelele, kipimo cha masikio na mapafu ni kwa faida yako. Ukikikataa huna hoja.

Lakini "ya nini?" haijaisha hapo. Anachohitaji bosi ni jibu kama unaifaa kazi, huifai, au unaifaa kwa masharti fulani, kwa mfano usibebe mizigo mizito. Ripoti nzima ya daktari haina kazi kwenye meza ya msimamizi wa zamu. Mwombe daktari akupe cheti kinachosema hivyo, na majibu kamili yabaki kwenye faili la hospitali.

VVU ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inasema upimaji ni wa hiari, na majibu ni siri ya aliyepimwa. Kulazimisha kumekatazwa, isipokuwa kwa mazingira machache sana kama amri ya mahakama. Ajira haimo. Yule karani wa Majengo hakupaswa kuombwa majibu hayo, na hali ya VVU ni miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa kwenye Sheria ya Ajira. Katazo hilo linamlinda hata anayeomba kazi, kabla hajaajiriwa.

Ujauzito uko hivyo hivyo kwa anayeomba kazi: kumnyima mtu kazi kwa sababu ni mjamzito ni ubaguzi. Ukishakuwa kazini, upande wako nao una wajibu. Ili upate likizo ya uzazi unatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiwa na cheti cha daktari. Dada zangu wengi huficha mpaka mwezi wa nane kwa hofu, halafu likizo inakuwa ya kugombania. Peleka barua mapema na ubaki na nakala.

Kuhusu likizo ya ugonjwa, mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari, na bila cheti halazimiki kukulipa siku hizo. Cheti kionyeshe siku za kupumzika. Jina la ugonjwa si la kusomwa kwenye kikao cha asubuhi. Ila ukiumia kazini na kudai fidia, taarifa za matibabu yako zitakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huwezi kudai fidia huku ukizizuia.

Simu yako binafsi. Simu uliyonunua kwa pesa yako, yenye laini yako, si mali ya ofisi kwa sababu umeingia nayo getini. Mwajiri anaweza kupiga marufuku simu kwenye kaunta ya fedha au jikoni. Anaweza kukutaka uiache kwenye kabati ukiwa zamu. Kuifungua na kusoma meseji zako ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Akishuku wizi, njia yake ni polisi, ambao nao wana taratibu zao za upekuzi. Sema kwa utulivu: "Mheshimiwa, simu ni yangu binafsi. Kama kuna tuhuma, niandikieni, nitajibu."

Neno lenye hatari hapo ni idhini. Ukitoa paswedi mwenyewe, hata kwa kutetemeka, atasema uliruhusu.

Kupekuliwa mlangoni. Duka, ghala la nafaka Kibaigwa, kiwanda: kukagua mikoba wakati wa kutoka kunakubalika ikiwa ni utaratibu unaojulikana na unahusu wote, pamoja na wasimamizi. Kugusa mwili kuwe na mtu wa jinsia yako, mahali pasipo macho ya wateja. Kuvuliwa nguo kusikubalike kabisa. Ikitokea, andika jina la aliyefanya na waliokuwepo, na uende polisi siku hiyo hiyo.

Kamera. Kaunta, stoo, geti, maegesho: sawa, mradi watu wamejulishwa. Chooni na chumba cha kubadilishia nguo, hapana. Sababu ya wizi haitoshi kuhalalisha kamera mahali ambapo mtu anavua nguo.

Alama za vidole za kusaini mahudhurio. Hii ni taarifa nyeti, na ofisi nyingi za Dodoma sasa zinaitumia. Kupinga mashine yenyewe mara nyingi hakusaidii, kwa sababu mwajiri ana haki ya kujua nani amefika kazini. Pigania masharti yake: nani anazihifadhi, kwa muda gani, zinafutwa lini. Barua ya hatua ya 4 imeandikwa kwa ajili hiyo.

GPS ya gari. Gari la kampuni likiwa kazini linaweza kufuatiliwa. Yule dereva wa Singida tatizo lake lilikuwa siku za mapumziko, na jibu ni rahisi: gari liachwe yadi siku ya mapumziko, au mwajiri aandike kwa nini anahitaji kulifuatilia hata hapo.

Picha yako kwenye bango au ukurasa wa biashara. Kupigwa picha ya kitambulisho si kukubali kutangaza mvinyo au hoteli. Ridhaa iwe ya jambo hilo, kwa maandishi, na ikiwezekana na malipo.

Kwa watumishi wa umma, mpaka uko karibu zaidi. Kiongozi anayeguswa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 anatoa tamko la mali na madeni, atake asitake. Hilo limewekwa na sheria. Lakini tamko hilo halimpi mkuu wako wa idara ruhusa ya kusambaza hati yako ya mshahara kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 4: Uliza kwa maandishi

Usianze na vitisho vya sheria. Anza na barua ya adabu yenye maswali. Nimeona barua kama hii ikimaliza mambo yenyewe, kwa sababu mara nyingi aliyetoa agizo hakuwahi kujiuliza taarifa ni ya nini. Badilisha sehemu zinazokuhusu:

*Meneja Rasilimali Watu,*
*YAH: OMBI LA UFAFANUZI KUHUSU KUTOA ALAMA ZA VIDOLE*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeona tangazo la tarehe ……… linalotutaka kutoa alama za vidole. Niko tayari kushirikiana na ofisi. Kabla ya kufanya hivyo naomba kufahamishwa: alama hizo zitatumika kwa kazi gani, nani ataruhusiwa kuziona, zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, zitafutwaje nitakapoacha kazi, na kama ofisi imesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakati nasubiri majibu naomba niendelee kusaini daftari la mahudhurio.*
*Wako mtiifu,*

Chapa nakala mbili. Moja peleka, nyingine igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe yako binafsi kwenda barua pepe rasmi ya ofisi.

Swali la usajili usiliache. Taasisi inayokusanya na kuchakata taarifa za watu inatakiwa kusajiliwa na Tume. Ofisi ambayo haijasajiliwa hukumbuka ghafla kwamba ina haraka ya kuelewana.

Hatua ya 5: Soma fomu ya ridhaa kabla ya kuisaini

Fomu nyingi zinazozunguka zina sentensi moja ndefu inayosema unakubali taarifa zako zote kutumika kwa shughuli yoyote na kupewa mtu yeyote. Hiyo usiisaini ilivyo. Kata kwa kalamu maneno "yoyote" na "yeyote", andika kazi unayoikubali, weka saini ndogo pembeni ya ulipokata, kisha saini chini. Piga picha ya karatasi yote.

Ridhaa unaweza kuiondoa baadaye, kwa maandishi pia. Haitafuta yaliyokwisha kufanyika, na haitazuia yale ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuyafanya, kama makato ya kodi.

Hatua ya 6: Omba kuona faili lako

Una haki ya kujua ni taarifa gani zako ambazo mwajiri anazo na anazitumiaje, na haki ya kudai zisizo sahihi zirekebishwe. Andika ombi fupi, taja unachotaka: barua za onyo, tathmini za utendaji, ripoti za afya, rekodi za mahudhurio. Wakati mwingine utakuta barua ya onyo ambayo hukuwahi kupewa, na hiyo pekee inaweza kubadilisha kesi nzima.

Usitarajie kila kitu. Taarifa za mfanyakazi mwingine hutapewa, na taarifa za uchunguzi unaoendelea zinaweza kuzuiwa kwa muda. Pia usidai faili lote lifutwe unapoondoka: sheria ya ajira inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira yako kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Alama za vidole hazimo kwenye hesabu hiyo.

Kosa la kuepuka: kuingia ofisi ya masijala usiku na kupiga picha mafaili, au kujitumia orodha ya wafanyakazi wote ili upate "ushahidi". Hapo wewe ndiye unayevunja faragha ya wenzako, na sheria unayoitegemea itakugeukia.

Hatua ya 7: Malalamiko ya ndani

Jibu likikosekana au likiwa la dharau, peleka malalamiko rasmi kwa ngazi inayofuata. Taasisi inaweza kuwa na Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uliza ni nani. Eleza tukio, tarehe, unachotaka kifanyike. Unachotaka kiwe kitu kimoja au viwili vinavyoweza kufanyika: "kamera iondolewe", "picha ifutwe kwenye kundi na aliyeiweka aandikiwe". Mtu anayedai mambo kumi hupewa la kumi.

Hatua ya 8: Chagua mlango sahihi nje

Milango ni mitatu, na watu huenda usiofaa.

a) Taarifa zako zimetumika vibaya, zimevujishwa, au umenyimwa kuziona: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Unajaza malalamiko na kuambatanisha barua zako za hatua ya 4 na 7. Tume inaweza kuchunguza, kuamuru marekebisho, kutoza faini na kushughulikia fidia. Kuvujisha taarifa kinyume na kazi iliyokusudiwa ni kosa pia: kwa mtu binafsi faini ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

b) Umefukuzwa, umeadhibiwa, umekatwa mshahara au umebaguliwa: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi hapa Dodoma. Unajaza fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, kisha unaisajili ukiwa na ushahidi kwamba ameipokea. Kuachishwa kazi kuna siku 30 tangu siku ya uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ina siku 60. Wengi hupoteza haki yao hapa, hasa wanaosubiri bosi arudi safari au "tumalizane kienyeji". Endelea na mazungumzo, lakini fomu iwe imeingia. Na usidhani kwamba malalamiko yako kwenye Tume ya Taarifa Binafsi yanasimamisha siku za CMA.

c) Simu imefunguliwa bila idhini, meseji zimenaswa, umevuliwa nguo: polisi. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo.

Mtumishi wa umma ana ziada. Mabadiliko ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016 yanamtaka amalize kwanza njia za rufaa ndani ya utumishi, zikiwemo za Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye njia za sheria za kazi. Ukikimbilia CMA moja kwa moja utarudishwa, na muda wa rufaa ya ndani utakuwa umekatika.

Ukikwama

Umeambiwa saini sasa hivi au uondoke. Andika juu ya saini yako: "Nimesaini kwa kuagizwa, sijapewa maelezo niliyoomba", weka tarehe. Wakikataa maneno hayo, saini kama huna njia nyingine, kisha tuma barua pepe jioni hiyo hiyo ukieleza kilichotokea. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Kuthibitisha kwamba ulilazimishwa kuacha ni kazi ngumu kuliko kupinga kufukuzwa.

Uko kwenye kipindi cha majaribio. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana ulinzi kamili dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Katazo la ubaguzi bado linakuhusu, na sheria ya taarifa binafsi haiulizi umeajiriwa lini. Kwa hiyo jenga hoja yako kwenye hizo mbili.

Huna mkataba wa maandishi. Sheria ya ajira inamlazimu mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa mbele ya CMA, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Kusanya meseji za malipo, kitambulisho cha kazi, picha ukiwa na sare.

Umeitwa kikao cha nidhamu kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Unatakiwa upewe taarifa angalau saa 48 kabla, na unaruhusiwa kwenda na mwenzako au mwakilishi wa chama. Uliza kikaoni, na iandikwe kwenye muhtasari: ujumbe huu mmeupataje? Kama aliye ndani ya kundi ndiye aliyepeleka skrinshoti, faragha yako ina nguvu ndogo sana, kwa sababu uliwaandikia watu wengi. Kama simu yako ilifunguliwa, hali ni tofauti. Hata hivyo usitegemee kwamba ujumbe utatupwa kwa sababu tu ulipatikana vibaya. Jibu na tuhuma yenyewe pia.

Ushahidi wako ni skrinshoti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila utaulizwa ulitunzwaje. Usifute mazungumzo ya asili, usibadilishe simu kabla shauri halijaisha, na uchapishe ikiwa inaonyesha namba na tarehe.

Siku zimepita. CMA ina fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda. Eleza sababu ya kweli kwa kila siku uliyochelewa, na uambatanishe uthibitisho kama vile cheti cha kulazwa. "Sikujua sheria" peke yake huwa haikubaliwi.

Huna pesa ya wakili. CMA unaweza kwenda mwenyewe au na mwakilishi wa chama. Pia kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao hawatozi ada. Uliza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe Chamwino, Kondoa, Mpwapwa au jijini. Nenda na daftari lako na nakala zenye mihuri. Bila hivyo mtatumia siku nzima kukumbuka tarehe.

Umeacha kazi na mashine bado ina vidole vyako. Andika barua ya kuomba vifutwe, taja tarehe yako ya mwisho kazini, na utake uthibitisho wa maandishi. Wape siku 14. Wakikaa kimya, barua hiyo pamoja na nakala ya ile ya hatua ya 4 inatosha kufungua malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.